Simu ya Dada

Fundi simu wa soko la Nuku'alofa, visiwani Tonga, ana kitambaa cha magome ya mti, ukubwa wa kiganja. Simu ikiwaka tu, anafunika kioo nacho, kisha anamsogezea mwenyewe. Vidole vyake vinene kama viazi vikuu, lakini skrubu anaishika kama anashika kifaranga. Picha ya mtu haangalii, ujumbe wa mtu hasomi.

Asubuhi hiyo Kelepi alimletea simu isiyo na ubovu wowote.

"Ya dada yangu. Nitolee namba ya siri tu, fundi. Kuna mwanamume anamwandikia."

Fundi hakuinua macho. "Chumbani kwake huwa unaingia?"

"Mimi? Kaka mtu? Tangu tubalehe sijakanyaga, ni mwiko!"

"Sasa leo unataka kupitia dirishani?"

Kelepi akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Fundi alivuta droo, akamwonyesha simu nyekundu iliyoviringishwa kitambaa kama kile.

"Hii ya dada yangu mimi. Tulimzika mwaka juzi. Kuifungua ni dakika mbili, na mpaka leo sijaifungua."

Akaisukuma droo taratibu, kama mtu anayerudishia mlango wa chumba chenye mgonjwa. Kelepi akaigeuza simu aliyokuja nayo, kioo chini.