Siku Nilipopeleka Karata Zangu kwenye Taa ya Dola

Kuna watu pale Muhima, hapa Kigali, ambao mpaka leo wakiniona wanavuka barabara, na siwalaumu, maana kama ningekuwa mimi niliyesimama kwenye ule mstari siku ile ningehama hata mtaa. Aibu hiyo nimeibeba kimya, lakini juzi mtoto wangu wa ubatizo ametimiza mwaka, watu wakaanza kuisimulia mezani kila mmoja na yake, nikaona bora niisimulie mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi zaidi.

Mimi ni mchapaji. Niko kwenye kiwanda kidogo Kimisagara, tunachapa kadi za harusi, risiti na kalenda, na ugonjwa wangu (mke wangu ndiye anayeuita hivyo) ni kukusanya karata za taroti za zamani, zile za Ulaya zenye picha za Jua, Mwezi, Mauti ambaye ni mifupa mitupu, na Shetani mwenye pembe na mabawa. Wengine huzitumia kutabiri, wengine huzicheza tu baada ya chakula. Mimi sijui kutabiri hata mvua iliyokwisha kuanza kunyesha. Mimi napenda wino. Napenda kushika lenzi nikaangalia kama rangi imelala bapa au imevunjika vidoti vidoti, na pembe zimekatwaje, kisha nikisie ilichapwa wapi na enzi zipi, kwa sababu picha zilezile huchapwa tena na tena, na chapa ya kwanza ndiyo inayotutoa sisi wakusanyaji udenda.

Sasa kuna familia ya wageni ilikuwa inahama Nyarutarama, wakauza vitu vyao uani, na ndani ya katoni la vitabu nikakuta seti nzima ya taroti, haikupungua hata karata moja. Nikaamua palepale kwamba ni chapa ya kwanza, ya kabla ya vita kuu ya pili. Niliamua tu, sikupima. Nikaipiga picha nikaituma kwenye grupu letu la wakusanyaji kwenye simu, pamoja na maneno ya majivuno ambayo sitayarudia hapa, na mzee mmoja wa Ubelgiji akanijibu kwa upole wake: je, umeiweka chini ya taa ya zambarau? Maana karatasi ya zamani haikutiwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo chini ya taa hiyo hubaki giza, lakini karatasi ya miaka ya baadaye huwaka kama shati la bwana harusi.

Taa sina, na kuagiza ni kusubiri. Lakini ni nani Kigali nzima ana taa ya zambarau mezani asubuhi mpaka jioni? Watu wa kubadilisha pesa, wanaopimia dola. Na pale Muhima kwenye duka moja la kubadilisha pesa alikuwapo Josiane, dirishani, ambaye kadi zake za harusi nilikuwa nimezichapa vizuri mpaka mama mkwe wake akalia. Nikasema nitapita dakika moja tu, na ndipo yalipoanza yote.

Kabla sijaingia humo ndani, mjue jambo moja. Jumapili iliyokuwa inakuja nilikuwa nasimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu Didier. Kwangu hilo halikuwa jambo dogo. Nilipofika Kigali kutoka Bujumbura sikuwa na mtu, na mama yake Didier, ambaye naye alikulia Burundi, alinipa godoro na sahani bila kuniuliza nitaondoka lini. Mimi na mke wangu hatujajaliwa mtoto, na mama huyo ndiye aliyesema mjukuu wake atakuwa wangu pia. Lakini Mama Didier ni kiongozi wa akina mama wa sala, na aliwahi kumfukuza mpangaji kwa sababu ya hirizi iliyokutwa chini ya mkeka. Kwa hiyo kuhusu karata nilimwambia tu kwamba nakusanya picha za zamani (na si uongo, ni picha, na ni za zamani).

Basi nikaingia. Mstari ulikuwa mrefu, nikapita pembeni kama mtu mwenye shughuli rasmi, nikasukuma furushi la karata lililofungwa kwa mpira kupitia ule uwazi chini ya kioo.

"Sha, fanya mbiyo, bosi iko nyuma," Josiane akaninong'oneza.

Akachomoa moja, akaiingiza chini ya taa. Karata ikawaka buluu, ikang'aa mpaka ukucha wake ukaonekana. Na Josiane, ambaye kutwa nzima kazi yake ni kunasa noti bandia zinazowaka hivyo hivyo, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni bila hata kufikiri, akatangaza kwa ile sauti yake ya kazini ambayo duka zima huisikia:

"Hii iko feki. Iko feki kabisa."

Mlinzi hakuuliza feki ya nini. Alifunga mlango akasimama mbele yake na kirungu, akasema, "Hakuna muntu anatoka," na mstari mzima ukageuka kunitazama mimi, mleta dola bandia. Hapo mtu mwenye akili angetulia akaeleza. Mimi nikaingiza mkono chini ya kioo nirudishiwe karata zangu, Josiane kwa hofu akalishikilia furushi, nikavuta, mpira ukakatika, na taroti nzima ikamwagika kwenye vigae, katikati ya viatu vya watu.

Kila mtu aliyeinama kuangalia hizo dola bandia alikuta Mauti anamtazama, na mtu aliyening'inizwa mguu mmoja, na karibu na mlango, uso juu, Shetani na mabawa yake. Nilikuwa tapeli kwa muda mfupi sana. Sasa nimepanda cheo nimekuwa mchawi. Mwanamume mmoja akaanza kudai arudishiwe pesa zake alizokwisha kubadilisha, akisema hataki pesa zilizolala chini ya taa moja na shetani. Mama mwingine alianza rozari. Bosi akatoka nyuma, akanitazama, akatazama chini, akasema polisi waitwe, na huyu binti wa dirishani naye akusanye vitu vyake, na hapo ndipo nilipoumia kwelikweli, kwa sababu Josiane alikuwa amenisaidia tu.

Ndipo nikamwona Mama Didier. Alikuwa kwenye mstari muda wote huo, amekuja kubadilisha dola ambazo mwanawe mwingine ametuma kwa ajili ya sherehe ya ubatizo, na mkononi ana kidumu cha mafuta ya mawese kutoka soko la Nyabugogo kinachovuja kifuniko. Nikajua yamekwisha. Nikamwona mtoto, nikaona mikono ya mtu mwingine inambeba mbele ya altare.

Akaweka kidumu chini. Akapiga magoti palepale kwenye vigae (na magoti yake mabovu, akishuka lazima ashike kitu, safari hii alishika mguu wa suruali ya mlinzi), akaanza kuokota. Karata ya kwanza aliyookota ilikuwa Shetani. Akaifuta vumbi kwa kitenge chake, akanipa.

"Hii makarata mimi siijuwe," akamwambia bosi akiwa bado chini. "Lakini huyu mutoto namujuwa. Amekula kwangu, amelala kwangu. Siku ya Mungu anabeba mujukuu wangu. Kama iko na kosa, kosa iko yangu pia, andika sisi wote. Na huyu binti umuache, hajaiba kitu."

Yule mama wa rozari akaokota Jua, akalitazama, akanipa. Mlinzi akaokota zilizoingia chini ya benchi. Ndipo nami nikaeleza habari za karatasi na taa, kwa kigugumizi, na nadhani nusu yao hawakuelewa na nusu waliona ni upuuzi, lakini polisi hawakuitwa, na Josiane alirudi kwenye kiti chake.

Nje nilimwambia Mama Didier kwamba kama anataka kumtafuta pareni mwingine, baba mwingine wa ubatizo, nitaelewa. Akanicheka.

"Vile ulikuwa unatetemeka, nimejua hauna uchawi. Muchawi hawezi kuogopa sekirite wa mulango." Kisha akataka kumwona tena yule aliyening'inizwa, akauliza amekosa nini maskini. Nikamwambia sijui, mama, mimi najua karatasi tu.

Jumapili nilimbeba mtoto. Na baada ya chakula Mama Didier aliniita pembeni akanipa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge: taa ndogo ya zambarau, alimtuma Didier akaitafute mpaka akaipata. "Ufanyie kwako," akasema, "na mulango ufunge." Nikainama nikamshika mikono.

Karata zote zinawaka, nilizipima moja moja usiku huohuo. Ni chapa ya baadaye, ya kawaida, imejaa huko duniani, na nilimwandikia yule mzee wa Ubelgiji kwamba alikuwa na ukweli na mimi nilikuwa na mdomo. Akaniuliza kama nitaibadilisha kwa nyingine, ana mtu anayeitafuta, mradi haina madoa. Nikamwambia ina doa. Kwenye Shetani, pembeni, kuna alama ya kidole gumba cha rangi ya mawese, kubwa, imezama kwenye karatasi haitoki. Naapa sitatoa tena karata mbele za watu, hata za kuchezea. Na ile seti haiuzwi, haibadilishwi, na doa lile hakuna atakayelifuta.