Ukurasa wa Kwanza

Kila mwaka, tukifika kwenye sura ambamo mtawala wa hadithi anaanza kuwaua watu wake, hakosekani mwanafunzi wa kuinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, huyu alizaliwa hivi hivi au aligeuka?" Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Nilisema madaraka hulevya. Nilisema mwandishi hodari hamwumbi mwovu mwenye pembe. Nikaandika ubaoni, nikapiga mstari chini yake, tukaendelea. Miaka kumi na minane nafundisha fasihi hapa Kisauni, na muda wote huo sikuwahi kujiuliza kama na mimi nimo. Siku hizi wakiniuliza swali hilo nawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Aliyenitia hadithi kichwani ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Nyumba yake ilikuwa Mwakirunge, pembeni mwa boma letu, upande wa machimbo ya mawe, ambako hata majani ya mihogo ni meupe kwa vumbi. Likizo zote za shule nilikuwa kwake. Alikuwa akinisimulia habari za mazimwi huku anapukuchua mahindi, na zimwi lake halikuwa kama la watu wengine. Lilikuwa na mama. Lilikuwa na njaa. Lilikuwa na haya hata, likimaliza kula mtu hujifunika uso.

"Mbona unalihurumia, shangazi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Silihurumii. Nakwambia lilivyokuwa tu."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Kwetu hilo peke yake linatosha kumtia mtu mashakani. Mwanamke mzee, mjane, macho mekundu, anakaa peke yake na shamba lake: lo, hapo watu wameshapata la kusema.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeanza. Alikuwa mlinzi kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe, akaachishwa, akarudi nyumbani na hasira zake. Halafu mwanawe wa miaka sita akafa maji katika shimo la machimbo lililojaa mvua. Kwa siku zile sitamsema vibaya kaka yangu, maana nilimwona akigaragara juu ya kaburi, watu wanne wanamshika na hawamuwezi. Lakini uchungu ule ulikaa ndani yake ukatafuta mtu wa kumwangukia, na mtu akapatikana. Akaanza kusema shangazi ni mchawi.

Tukaitana Jumapili moja baada ya kanisa, ukoo mzima, na shangazi mwenyewe akiwepo. Wazee walitaka kiapo cha papai. Mganga hulitilia papai dawa yake na maneno yake, mtuhumiwa analila mbele ya watu. Mwenye hatia huvimba mdomo. Asiye nayo hutafuna akameza, na tangu siku hiyo hakuna tena wa kumnyooshea kidole. Shangazi aliposikia akasema, "Lileteni. Nitalila na mbegu zake."

Mimi ndiye niliyekataa. Ala! Mwalimu mzima, mwanakwaya, nikae nimtazame shangazi yangu akilishwa papai la mganga? Nilisimama nikafoka. "Ng'o! Mambo hayo tumeshayaacha. Kila mwenye lalamiko aseme, niandike, tutie saini, yaishe kistaarabu." Wakanikubalia. Pale ndiye niliyesoma kuwapita wote, na nikisema watu hunyamaza. Sitaficha: nilipenda wanyamaze.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ovyo ovyo. Mmoja ng'ombe wake alizaa ndama mfu. Mwingine mguu umemvimba. Kaka alichanganya habari za kazi na za mtoto huku analia. Mwingine alilalamika kwamba shangazi akipita haamkii watu. La juzi lilisemwa kabla ya la miaka mitano nyuma. Ningeyaandika hivyo hivyo yalivyotoka vinywani mwao, msomaji yeyote angecheka.

Lakini mimi siandiki ovyo. Nilikwenda pembeni na karatasi, nikayapanga namba moja mpaka tano, la mtoto nikaliweka mwisho. Nikatafuta uzi wa kuyaunga, nikaupata: kabla ya kila msiba palikuwa na ugomvi mdogo na shangazi. Na nani hagombani na shangazi yake, jamani? Alimnyima kaka mbegu za mahindi. Baada ya hapo kaka akaachishwa kazi. Alimkaripia mtoto kwa kuwafukuza kuku wake. Haikupita wiki, mtoto akafa maji. Haikupita wiki! Ilipita miezi mitatu. Kaka ndiye aliyesema wiki, na mimi nilijua si kweli, nikaliacha neno lile kwa sababu sentensi ilikaa vizuri. Mungu ananiona.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa kumkinga. Niliandika kwamba familia imesikia, imesamehe, na hakuna atakayemgusa. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo, na naisema sasa ingawa haimsaidii mtu.

Kisha nikasoma. Nilisoma kama ninavyosoma darasani, nikatua panapostahili kutua. Nilipofika kwa mtoto nikashusha sauti. Nikaona wanawake wanajifuta macho kwa leso. Nikawaona vijana watatu waliokuwa wakichezea simu wameziweka chini. Nilifurahi kidogo moyoni, furaha ya mwalimu anapoona darasa limetulia.

Nilipomaliza, shangazi akaniita kutoka mkekani alipokuwa amenyoosha miguu.

"Abee, shangazi."

"Huyo bibi uliyemsoma," akasema, "hata mimi nimemwogopa."

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza. Shangazi akasema tena, "Basi leteni papai, mwanangu. Leteni nile." Nikamwambia hakuna haja, yamekwisha.

Watu wakatia saini, wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Kaka akatoa simu, akaupiga picha ukurasa wa kwanza, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wa pili hakuupiga. Nilimwona. Jioni nikaiona picha ile kwenye simu yangu, mwandiko wangu mzuri umekaa peke yake, na watu wanaandika chini yake maneno ambayo siwezi kuyarudia. Karatasi zenyewe nilikuwa nazo mimi. Kupiga picha ya ukurasa wa pili na kuituma ni kazi ya dakika moja. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, nikasema nitatuma kesho. Kesho nikasema kesho.

Alhamisi wakamuua shangazi yangu kwa mapanga, mchana kweupe, kisha wakachoma nyumba. Kaka hakuwemo. Alikuwa Changamwe anatafuta kibarua, na waliokuwa naye wameapa.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Mimi pia waliniuliza kama nilijua ugomvi wowote. Nilisema ni mambo madogo madogo tu ya kifamilia. Kabla hawajafika barabarani nilikuwa nimeshaifuta ile picha. Hakuna aliyeniambia niifute. Tangu hapo, kila nikisoma habari za mtawala anayeficha nyaraka zake, naijua kasi ya vidole vyake.

Siku ya tatu ya matanga jirani yake alinivuta kando. Huyu ni mama anayeuza viazi karai kando ya njia iendayo machimbo, na siku ile alijificha nyuma ya choo chake, akaona yote.

"Mwalimu, hawakumvamia tu," akaniambia. "Walisoma kwanza."

"Walisoma nini?" nikauliza, na nilikuwa nimeshajua.

"Mmoja alishika simu akasoma kwa sauti. Namba moja, namba mbili, mpaka tano. Alisoma vizuri."

"Na yeye?"

"Alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, hakuwakatiza. Halafu akauliza kama aliyeandika amekuja nao."

Nikamuuliza walimjibu nini.

"Walimwambia hayupo. Akasema, basi mngojeni."

Walipokuwa wakimsomea ilikuwa saa nne asubuhi. Alhamisi saa nne nina kidato cha tatu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nawaeleza watoto wa watu jinsi mwandishi anavyomjenga mhusika mwovu.