Ndege Aliyopanda Mzee Gichuhi

Nikipiga pasi kitambaa kilicholowekwa kwenye wanga, ile harufu yake ya uji ulioshika chini hunirudisha sebuleni kwetu Dagoretti, asubuhi ile wakwe wa Anti Nyambura walipokuwa njiani. Nawaita wakwe, lakini asubuhi hiyo walikuwa bado wageni wanaokuja kututazama, na shida yenyewe ilikuwa hapo.

Anti alikuwa dada mdogo wa baba. Wazazi wao walikuwa wameshafariki, kwa hiyo baba ndiye aliyesimama mahali pa mzazi. Nisimwonee baba: alikuwa mtu mwema, mwenye nyumba za kupangisha ambaye sikumwona hata siku moja akimtolea mpangaji vyombo nje. Ila alikuwa na ugonjwa wa ndege za zamani. Jumamosi mchana yeye na rafiki yake Mzee Salim, mtu wa Lamu aliyeuza vitambaa katikati ya mji, walikaa kwenye nyasi karibu na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, wakitazama ndege zikishuka kuelekea upande wa Lang'ata. Hizo za kushuka hawakuzijali sana. Walikuwa wakikumbushana zile ambazo hazipiti tena. Mimi nilipelekwa pamoja na chupa ya chai. Walizitaja kama watu wanavyotaja walimu waliowafundisha: hii ilikuwa kali, hii ilikuwa na kikohozi cha asubuhi, hii haikumwangusha mtu.

Walikuwa na sheria moja. Mtu akikosea habari ya ndege, alirekebishwa papo hapo, awe nani. Kwenye mazishi fulani mchungaji alisema marehemu aliwahi kwenda Malindi kwa jeti, na baba akainua mkono katikati ya mahubiri kueleza kwamba miaka hiyo Malindi zilienda za propela tu. Mjane alimshukuru. Mpaka leo sijui kwa nini.

Hilo ndilo lililomkosesha Anti usingizi. Baba wa mchumba wake Kamande, Mzee Gichuhi wa Jamhuri Estate, alikuwa ameshawakataa wasichana wawili, mmoja kwa sababu alicheka akiwa na chakula mdomoni. Hayo niliyasikia kwa Anti mwenyewe, kwa hiyo yapunguzeni kidogo. Lakini Anti alikuwa amempenda Kamande kweli, na alijua neno moja lingetosha kuharibu kila kitu.

Basi asubuhi ile alishusha picha zote za ndege ukutani. Dakota ya mbao, mfano wa ndege ya zamani ya propela, iliyokaa juu ya kabati aliifunika kitambaa cha kufuma alichotoka kukitia wanga na kukipiga pasi, ikawa kama kuku anayelalia mayai. Kisha akawaita jikoni Mzee Salim na baba, ambaye alimwita kwa jina langu mimi, Ciku.

"Baba Ciku, leo stori za ndege hapana. Hata wakisema inavutwa na ng'ombe, wewe unaitikia tu."

Baba aliahidi. Mzee Salim aliapa, halafu akauliza kama kiapo kinahusu na helikopta.

Wageni walifika, wakala, wakasifu chapati. Mzee Gichuhi alikuwa mtu mkubwa, koti limembana, mwenye tabia ya kukutazama mpaka unajiuliza umevaa nini. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi alipopangusa mdomo, akamtazama baba na kusema, bila kuulizwa na mtu, kwamba yeye ujanani aliwahi kupanda jeti ya VC10 hadi Mombasa. Alikaa dirishani, akawa anaziangalia injini zikiwaka pale chini ya bawa.

Mimi nilijua injini za VC10 ziko wapi kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Ziko nyuma, karibu na mkia. Chini ya bawa hakuna kitu.

Nikamtazama baba. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Alichota mchuzi, akapeleka kijiko mdomoni, na kijiko kilikuwa kitupu. Mzee Salim alikuwa akiangalia dari, midomo ikitembea kama anayevuta uradi. Baba akasema, "Ehe." Hilo tu. Niliona aibu. Nilidhani baba yangu amemwogopa yule mtu kwa sababu ya ukubwa wake.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Samahani, mzee. VC10 injini zake ziko nyuma, zote nne. Ukiwa dirishani hivyo huwezi kuziona."

Alikuwa Anti Nyambura, ameshika sinia ya chai. Anti ambaye miaka yote alifunga dirisha akisema tunampigia kelele. Alisema kwanza, ndipo akasikia alichosema. Kamande aliinama akaviangalia viatu vyake.

Mzee Gichuhi aligeuka amtazame. Kisha akasema polepole, "Sasa, mama, kama si hiyo, mimi nilipanda gani?"

Mzee Salim hakuweza kuvumilia tena. "Tutaijua tu, mzee wangu. Wewe tujibu. Bawa lilikuwa juu ya dirisha au chini yake?"

"Lilikuwa huku na huku."

"Propela ulizisikia?"

"Nilizisikia. Na ule moshi wa jeti pia."

"Ulipoingia, ulitembea kama unapanda mlima, au sakafu ilikuwa sawa?"

Mzee alijifuta paji la uso kwa leso. "Mlima kidogo," akasema. "Halafu ikawa sawa."

Mzee Salim alianza kueleza kwamba hakuna ndege iliyoundwa duniani ya namna hiyo. Baba akamkata.

"Dakota," akasema. "Ile ya mlima ni Dakota. Inakaa kwa mkia, ikishapaa inalala sawa."

"Lakini huo moshi wa jeti, Baba Ciku."

"Salim. Mzee alikuwa ndani. Wewe ulikuwa wapi?"

Mzee Salim akamtazama Anti na sinia yake. Kisha akaomba chai. Naye Mzee Gichuhi akalirudia lile jina mara mbili tatu, Dakota, Dakota, kama mtu anayejaribu kofia, akaketi vizuri kwenye kochi. Alisema huyu msichana anajua kumrekebisha mtu bila kumvunjia heshima, na kwamba siku ya kuja rasmi ipangwe mapema. Harusi ilifanyika, na Dakota ilitajwa kwenye hotuba.

Kamande alishakuwa mjomba wetu miaka mingi aliponiambia kwamba baba yake hakuwahi kupanda ndege yoyote. Yeye ndiye aliyemwambia, wakiwa njiani kuja kwetu, kwamba kaka wa msichana anapenda ndege, kwa hiyo atafute chochote cha kusema kuhusu ndege. Mzee akatafuta. Alikuja na uongo ule kama wengine wanavyokuja na sukari na mkate, asije mikono mitupu. Sijui kama Kamande anakumbuka sawasawa, na mimi elimu yangu ni ndogo, siwezi kuhukumu yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Lakini ile "halafu ikawa sawa" hunisumbua hadi leo. Huenda alibahatisha.

Baada ya kuambiwa hayo nilimwendea baba, akiwa sasa amezeeka, nikamuuliza kama siku ile alijua. Alinitazama kama ninayeuliza maji hutoka wapi.

"Gichuhi alipanda Dakota," akasema. "Si ni mimi nilimpandisha?"

Utotoni niliamini kwamba mchana ule baba alishindwa. Sasa nami nina watu ninaowapenda, na nimeshameza maneno yangu sahihi mara chache. Najua kile kijiko kitupu kilikuwa kizito kiasi gani.