Hataza Iliyobakiza Miezi Minane

Wenzake wa karakana walimwita Bwana Kibali, naye hakukasirika. Fundi huyu wa vifaa vya sauti hakugusa hata bisibisi ya jirani kama mwenyewe hayupo. Haki ya mtu haipungui kwa sababu kageuza kisogo. Ndiyo maana dada yake, mwalimu wa shule ya wasioona, alipomwomba vijisanduku vya kusikilizia masomo, aliambiwa asubiri.

Sauti ya kidijitali isiyobanwa hula nafasi ya kuhifadhia. Kijisanduku kingemeza masomo ya wiki moja kikavimbiwa. Njia nzuri ya kuibana ilikuwapo, ila ilikuwa na hataza kadhaa, yaani haki ya wavumbuzi kuwazuia wengine wasiitumie bila ruhusa yao kwa miaka ishirini. Fundi aliwaandikia barua mbili, hazikujibiwa.

Basi akasubiri. Alibandika orodha ya hataza hizo ukutani, na kila moja ilipokwisha muda aliikata kwa kalamu nyekundu. Mkewe alisema waume wa wenzake huhesabu miezi ya mimba, mumewe anahesabu miezi ya karatasi za watu. Mwaka huu ya mwisho nayo ilikatwa, na haukupita mwezi vijisanduku kumi vikawa mezani, kila kimoja na masomo ya muhula mzima.

Asubuhi ya kuvikabidhi, akipitia nyaraka kwa mara ya mwisho, alikuta jambo lililomkata maini. Programu aliyoitumia ilikuwa na sehemu iliyoongezwa baadaye na kampuni nyingine, nayo hataza yake ilibakiza miezi minane. Alikuwa amemhesabu mama, akamsahau mtoto.

Dada alikwisha kufika, kakaa na mkoba mapajani. Alipoelezwa aliuliza ni nani atakayekuja kupekua kijisanduku cha mwanafunzi asiyeona. Mitihani ilikuwa wiki tatu mbele.

"Hakuna atakayekuja, dada."

"Sasa?"

"Sasa nitakuwa najua mimi."

"Wewe mdogo wangu ulinyonyeshwa sheria, si maziwa." Lakini hakuinuka. Aliuliza, kwa ukali uleule wa darasani, hicho kilichoongezwa kinafanya kazi gani hasa.

Fundi akaanza kueleza kwamba muziki hurekodiwa kwa njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na sehemu ile huzilinganisha hizo mbili ili zibanwe pamoja.

"Mimi nafundisha historia kwa mdomo mmoja," dada akamkatiza. "Kulia na kushoto ya nini?"

Fundi alimtazama, akatazama kipaza sauti kimoja alichomrekodia, akacheka hadi mkewe akaja mlangoni. Aliing'oa sehemu ile kwenye programu, akayabana masomo upya kwa njia ya zamani peke yake, na kabla ya adhuhuri vijisanduku vyote vilikuwa vikisema, safi kama mwanzo. Hakuna kilichopungua: sauti ya mtu mmoja haina kulia na kushoto ya kulinganishwa. Alikuwa amejibebesha mzigo usiomhusu.

Mchana huo alikaa kwenye dawati la nyuma darasani kwa dada yake. Wanafunzi kumi walikuwa kila mmoja mahali pake katika somo: huyu anarudia aya, yule karukia sura ya tatu, mwingine kasimamisha aandike kwa nukta nundu. Dada alipita katikati yao, hana la kufanya, akaja kukaa kando ya mdogo wake.

"Miaka kumi na tisa ya ualimu," alisema kwa sauti ya chini, "leo ndiyo mara ya kwanza nafundisha nimekaa."