Siku Nilipoomba Gari la Mkuu wa Wilaya Likwame

Aibu niliyoipata masika haya kanisani kwetu Keza, mbele ya Mungu na mbele ya serikali, ningeweza kuinyamazia mpaka kaburini, lakini kwa kuwa kila nipitapo sokoni hakosekani mtu wa kuniuliza, "Shikamoo bibi, leo umemfungia nani njia?", nimeona heri niisimulie mwenyewe kwa mpangilio kuliko kuwaachia wengine waiongezee chumvi. (Mjukuu wangu anayeandika haya anacheka. Acha kucheka, andika.)

Mimi sikusoma. Hata hivyo, katika kanisa letu kila Jumapili hutolewa sala ya kuiombea nchi na viongozi wake, na sala hiyo ni yangu. Mama yangu alinivusha mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwake, nchi hii ikatupokea, ikatupa mahali pa kulima na pa kuzikana, basi kuiombea kwangu si kazi, ni shukrani. Lakini wapo walionung'unika, kinara wao akiwa jirani yangu Mama Skola, wakisema nchi iombewe na wenyewe. Kwa hiyo kila nilipopiga magoti nilijua kwamba nikikosea, haitasemwa bibi mmoja amekosea. Itasemwa wageni hawaipendi nchi, na maneno hayo yatawaangukia wanangu na wajukuu wangu, ambao hawajui kwao kwingine.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia shimo. Nyumbani kwangu niliweka amri kwamba kiongozi hasemwi, huombewa. Wanangu walikuwa wakiketi na redio jioni, wakiwanyonyoa wakubwa kama kuku wa sikukuu, nami nikaichukua redio nikaifungia sandukuni chini ya mablanketi, na yeyote aliyethubutu kuanza, "Mama, umesikia habari za mkuu wa wilaya...", nilimkata hapo hapo: "Umemwombea leo? Kama hujamwombea, funga mdomo." Niliona nimeiheshimu serikali kuliko wote. (Kumbe nilikuwa nawaombea watu ambao sikutaka kabisa kusikia habari zao. Mzazi gani humwombea mtoto bila kuuliza ameamkaje?)

Ikafika Jumapili ambayo mkuu wa wilaya alikuja kusali nasi. Desturi yangu, mwenye sala hupiga magoti mbele tangu wimbo wa kwanza, kitenge kimemfunika kichwa, na hamtazami mtu hadi aseme Amina ya mwisho. Nikapiga magoti. Mgeni alichelewa sana. Baadaye nikasikia pikipiki, nikasikia watu wakisimama na viti vikivutwa, lakini sikugeuka. Mke wa mchungaji akaniinamia sikioni.

"Bibi, kabla hujaomba, huyu mgeni wetu siye yule..."

"Mama mchungaji," nikamwambia, "mimi nazungumza na Mungu, na wewe wazungumza na mimi?"

Maskini, akarudi kuketi. Mchungaji naye akasema tu kwamba mheshimiwa mkuu wa wilaya amechelewa kwa sababu ya njia, tusimchoshe, bibi atuombee. Nami nikainua mikono.

"Ee Imana, Mungu wetu, tunakushukuru kwa mtumishi wako Festo, mkuu wetu wa wilaya, aliyekuja kusimama nasi shambani siku mvua ya mawe ilipolaza maharage yetu, akalowa kama sisi tulivyolowa."

"Amina," kanisa likaitika, lakini kwa sauti ya mtu aliyemeza kitu cha moto.

"Tunasikia viongozi wema huhamishwa. Usikubali, Bwana! Yeyote anayekitamani kiti chake, mzuie njiani. Gari lake likwame kwenye tope. Ageuze, arudi alikotoka!"

Akaitika Mzee Yona peke yake (hasikii, yeye huitika kila anionapo nimeinua mikono): "Amina!"

Hapo mtu mwenye busara angejiuliza. Mimi nikakasirika, nikawakaripia watu macho yakiwa yamefumbwa: "Mbona mmenyamaza? Mnamwogopa nani? Ina maana Mzee Yona ndiye pekee anayeipenda nchi hii?"

Mama Skola hakuweza kuvumilia. "Fungua macho, wewe bibi! Festo ameshahamishwa. Mwenye kiti ndiye huyu hapa, na gari lake limekwama kweli, limeachwa bondeni!"

Nikafumbua macho. Kwenye kiti cha mgeni alikaa mwanamke wa umri wa kitinda mimba wangu, tope limempanda hadi magotini, viatu ameviweka pembeni, ananitazama. Nyuma yangu nikasikia Mama Skola akisema, wala hakunong'ona, "Si nilisema? Nchi iombewe na wenyewe."

Lakini si yeye aliyenichoma. Kilichonichoma ni kumkumbuka mama yangu, ametoka mbali, hana anayemjua, nami mgongoni. Ingekuwaje kama kwenye njia ile angekuwapo bibi mwenye sala kama yangu?

"Mwana wanje," nikasema, maana Kiswahili chote kilikuwa kimenikimbia, "mwanangu, nisamehe."

Akaja pekupeku, akapiga magoti kando yangu kwenye sakafu ile ya saruji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe lile tope ni kazi yako!" Kanisa likaangua kicheko, naye akacheka, kisha akasema kwa upole, "Nilikotoka, siku nilipohama, walipiga picha na mimi, wakaenda kula. Hakuna aliyemwomba Mungu nibaki. Bwana Festo ana bahati." Akageuka kuwaelekea watu. "Mimi hapa ni mgeni, bado sijui hata njia zenu. Huyu bibi ndiye mwenyeji wangu, na mimi naombewa na mwenyeji. Bibi, naitwa Neema. Anza upya."

Mwenyeji. Tangu nivushwe mpaka, sikuwahi kuitwa hivyo mbele za watu. Nikamwuliza kama ana watoto, akasema anao, wako kwa mama yake. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwombea yeye na watoto wake na mama yake, na Amina ya kwanza kusikika ilitoka kwa Mama Skola.

Festo bado namtaja kila alfajiri huko aliko, na Neema namtaja baada yake, nikiwa nimekwisha uliza habari zake kwa wanaozijua. Najua naye atahamishwa, ndiyo kazi yao, na siku hiyo nitalia kama mtoto. Ila sitamwomba Mungu tena amzuie mtu njiani. Nitamwomba huyo ajaye afike salama, nami niwe mlangoni kumpokea.