Panga la Mama Lerato

Siku Amosi alipomwona Mama Lerato kwa mara ya kwanza, alidhani amepakata mtoto mgonjwa. Mama huyo alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, karibu na mlango wa karakana ya boti, na mapajani pake palikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya blanketi la pinki, lile la watoto wachanga. Amosi alipita mara mbili na kopo lake la grisi, macho chini. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni, na pale kazini alishukuru kwamba kuzungumza na wateja ilikuwa kazi ya bosi.

Alipopita mara ya tatu blanketi likateleza, chuma kikang'aa. Mama yule akakidaka kisianguke, kikamkata kidole.

"Loo!" akasema kwa Kiswahili, peke yake. "Panga wewe, utanimaliza."

Amosi akasimama kama aliyeitwa jina lake. Tangu aje Johannesburg hakuwahi kumsikia mtu akiiita propela ya boti panga. Hilo lilikuwa neno la wavuvi wa kwao Ukerewe.

"Umeumia, dada?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Ehee! Kumbe Mswahili yumo humu?" Mama akamkagua toka viatu hadi kofia. "Wa wapi wewe?"

"Ukerewe."

"Mimi Morogoro. Sisi tunalo pangaboi la dari, basi na hili nikaliita panga. Siyo sawa?"

"Ni sawa, dada. Hata sisi tunaliita hivyo hivyo."

"Basi umepona. Ungenicheka ningeondoka na kidonda changu."

Jina lake lilikuwa Leonida, lakini watu walimwita Mama Lerato, kwa jina la binti yake aliyehamia Cape Town. Mumewe alikuwa mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokimbilia Tanzania zamani za ubaguzi. Walikutana Morogoro, wakaoana huko, na wakimbizi waliporuhusiwa kurudi makwao, Leonida akamfuata. Baba Lerato akapata kazi katika ofisi moja ya Marshalltown, humo humo Johannesburg. Alipostaafu alinunua kitu alichokitamani maisha yake yote: boti ya kuvulia besi, samaki wale wa mabwawani wanaopiganiwa na watu wa mkoa wa Gauteng kila wikendi kama kombe. Ni boti fupi ya kimo na pana ya tumbo. Ikishika mwendo inainua kifua, inapanda juu ya maji na kuteleza kwa mkia tu. Baba Lerato alikuwa akisema hapo ndipo alipojisikia huru kweli.

Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, maneno yakamwishia, yakabaki machache ya kuokoteza.

"Sasa sikiliza, kaka," Mama Lerato alisema, kidole mdomoni. "Mama yangu yuko Morogoro, macho yanaondoka. Ananiuliza kila tukiongea, unakuja lini? Namwambia, boti ikitengemaa, mama. Anasema, boti? Kwani siku hizi toka Johannesburg mnakuja kwa maji?"

Amosi alicheka, akaziba mdomo.

"Usizibe, cheka tu. Huyu mwanamume kaniambia hivi: nipandishe majini mara moja, halafu nenda. Mara moja! Nimejifunza kuiendesha mwenyewe, na umri huu. Lakini boti haipandi. Inainua pua kama mbwa aliyenusa nyama, inanguruma, basi. Nikadhani panga limepinda. Ninyooshee, niende kwa mama."

Amosi alilitazama lile panga. Lilikuwa la chuma cha pua, mabawa matatu, zuri, halijapinda popote. Alijua ugonjwa kabla hajaliweka mezani. Kila panga lina hatua yake: yaani likizunguka mara moja, lingesonga mbele inchi kadhaa, kama skrubu inavyoingia kwenye ubao. Hili lilikuwa la hatua ndefu mno. Baba Lerato alilichagua alipokuwa mzima, akivua peke yake, boti nyepesi, akitafuta mbio. Sasa, kwa maelezo ya mkewe, boti ilibeba kiti cha mgonjwa kilichofungwa kwa bolti, mgonjwa mwenyewe, Parfait Mkongo aliyemtunza, na Mama Lerato kwenye usukani. Na hewa ya huku juu, kwenye mwinuko wa Johannesburg, ni nyembamba. Injini iliyotengenezwa kwa watu wa pwani, ikifika huku inapumua nusu pafu.

"Ni kama kupanda mlima na baiskeli kwa gia nzito," alimweleza. "Miguu ipo, lakini haizungushi. Unataka hatua fupi, na mabawa manne badala ya matatu, yashike maji vizuri huku boti imelemewa. Mbio zitapungua, lakini itapanda."

"Hatua fupi," alirudia Mama Lerato polepole. "Haya, kaka. Nipe hatua fupi. Mimi sina haraka ya majini, haraka yangu iko kwingine."

Akaliacha lile panga na blanketi lake.

Amosi alipopata panga la mabawa manne alimpigia simu. Ilimchukua muda kubonyeza, maana simu aliiogopa kuliko watu. Mama Lerato alikuwa jikoni akiosha vyombo, simu ameiweka sauti ya wazi juu ya jokofu.

"Panga liko tayari?" alipiga kelele kwa furaha. "Nakuja kulichukua hilo panga! Baba Lerato mwaka huu atakoma!"

Wifi yake Nomsa alikuwa mlangoni. Nomsa alikuwa dada mkubwa wa Baba Lerato. Alihamia kwao siku ya kiharusi na hakuondoka tena. Rimoti ya geti ilikaa kwenye mfuko wa aproni yake, na Mama Lerato akitaka kutoka ilibidi aombe. Kiswahili Nomsa hakukijua hata chembe. Lakini panga alilijua. Neno hilo Afrika Kusini ni lile lile, chuma cha kukatia miti, na kwenye habari za redio halitajwi kwa wema. Akasikia panga, akasikia panga tena, akasikia jina la kaka yake, na sauti ya mwanamume ndani ya simu. Na wifi yake anacheka.

Akaichukua simu pale pale juu ya jokofu, na hakuirudisha.

Amosi alisubiri siku kadhaa, mteja haji. Kisha simu ikaita, sauti ya mwanamke asiyemjua, kwa Kiingereza cha kukatakata kama kisu: Jumapili aje nyumbani, ukoo unamsubiri, na hilo panga aje nalo walione.

Jumapili Amosi aliingia sebule moja ya Midrand akiwa na begi mkononi na jasho mgongoni. Wazee wawili wa ukoo walikaa na suti zao za kanisani. Baba Lerato alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mwembamba, ananyolewa ndevu na Parfait. Mama Lerato alisimama kwenye kona kama mtoto aliyevunja sahani.

"Ni huyu?" Nomsa aliuliza. "Huyu ndiye anayepanga kumkata kaka yangu?"

Amosi akafungua begi, akaliweka panga katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma. Mabawa manne yakang'aa.

Mzee mmoja akalisogelea. Akalisukuma kwa kidole, likazunguka.

"Nomsa," alisema, "hii ni feni."

"Ya boti," alisema Amosi kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Kwetu... kwetu tunaiita panga."

Mzee wa pili alianza kucheka tumbo zima. "Eish, Nomsa! Umetutoa kanisani kwa ajili ya feni!"

"Na mbona anacheka na mwanamume kwenye simu?" Nomsa alijitetea, lakini hata yeye kicheko kilikuwa kimeanza kumponyoka.

Ndipo sauti nyingine ikasikika kutoka dirishani, kavu, ya kukwaruza. Baba Lerato alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa uso. Mama Lerato akamgeukia, na Amosi aliona uso wake ukibadilika taratibu. Huyu mzee aliishi Morogoro ujana wake wote. Alimtongoza mkewe kwa Kiswahili. Siku ile ya simu alikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka jikoni, na kila neno alilielewa.

"Ulijua," alisema mkewe.

"Nilijua."

"Wiki nzima nimenyang'anywa simu, sitoki, mama yangu hajui kama mimi ni mzima. Neno moja tu lilikutosha."

Baba Lerato akayatafuta maneno, Parfait ameshika wembe hewani.

"Ulikaa," alisema mwishowe. "Na mimi. Wiki nzima."

Nomsa akaitoa simu kwenye mfuko wa aproni, akaiweka mezani kando ya panga. Rimoti ilibaki mfukoni.

Jumamosi iliyofuata walikwenda bwawa la Vaal. Amosi alifuata kwa sababu panga jipya halijaribiwi kwa maneno. Linavikwa, boti inakimbizwa, fundi anaitazama sindano ya mizunguko ya injini. Walimpakia mzee, Parfait akamshika mabega, Mama Lerato akakaa kwenye usukani na miwani ya jua ya Lerato, Amosi akakaa nyuma, kwenye injini.

"Mzee, shikilia kofia," alisema.

"Bon, papa iko tayari," alisema Parfait.

Mara ya kwanza boti iliinua pua, ikakaa hivyo, haishuki haipandi, na walipokata kona injini ikapiga yowe tupu. Amosi aliinua mkono. Injini ilikuwa imefungwa juu mno, panga linavuta hewa badala ya maji. Hiyo pia ilikuwa kazi ya Baba Lerato wa zamani, aliyeiinua ili apate mbio. Wakarudi ukingoni. Amosi akaishusha injini tundu moja la bolti, akamwambia Parfait wasogeze betri mbele, chini ya miguu ya mzee. Jambo moja baada ya jingine, bila haraka.

Mara ya pili Mama Lerato akasukuma mkono wa gesi hadi mwisho. Pua ikainuka, Amosi akahesabu moyoni, pua ikashuka yenyewe, na ghafla kelele zote zikawa nyepesi. Sindano ikasimama pale pale inapotakiwa. Boti ilikuwa juu. Maji yalipita chini yao kama kitambaa kinachovutwa mezani.

Baba Lerato akapiga kelele. Lilikuwa neno lisilo la lugha yoyote. Machozi yalimtoka yakakimbilia masikioni kwa upepo. Mama Lerato alilia pia, akicheka, na akaanza kuimba wimbo wa harusi wa kwao, kwa sauti mbaya kabisa.

Walipopunguza mwendo, mzee alisema, "Tena."

Wakaenda tena. Akasema tena. Jua lilikuwa limesogea sana walipofunga kamba kwenye gati.

"Basi, baba," alisema Mama Lerato akimfuta uso kwa ncha ya shati lake. "Umepanda. Sasa na mimi niende. Nikamwone mama, nirudi."

"Jumamosi," alisema mzee.

"Jumamosi nitakuwa Morogoro, mume wangu."

Mkono wa kushoto wa Baba Lerato, ule mzima, ukamkamata kifundo cha mkono. Hakukuwa na ukali katika mkono ule. "Ukienda," alisema, "nani... ataniendesha?"

Amosi alikuwa amechuchumaa nyuma, kwenye injini. Alikulia kwenye mitumbwi ya injini. Kuendesha boti ile kwake kulikuwa kama kutembea. Neno lilipanda kifuani, likakwama, likapanda tena, na safari hii likatoka lote kwa pumzi moja:

"Mzee mimi nitakuwa nakuendesha kila Jumamosi mpaka mama arudi."

Kila mtu akamtazama. Masikio yakamwaka moto. Mama Lerato alimwangalia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Baba Lerato hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Hapana," alisema. "Yeye."

Mama Lerato hakuutoa mkono wake. Alisimama akiwa amepinda mgongo, kifundo kimeshikwa, akitazama maji. Parfait alijisogeza karibu na Amosi akisaidia kukunja kamba, akanong'ona: "Fundi, wewe iko na akili mingi. Tungemwacha na panga yake ya zamani, papa angeichoka boti yeye mwenyewe. Mama angekuwa ashaenda."

Amosi hakuonana na Mama Lerato tena baada ya siku ile. Habari alizipata kwa Parfait alipokuja karakana kuchukua plagi au mafuta. Boti inatoka kila Jumamosi. Papa amenenepa. Mama anaongea na mama yake kwa simu kila jioni, anamweleza rangi ya maji. Morogoro bado. Na juu ya rafu, nyuma ya makopo ya grisi, lile panga la hatua ndefu lilikaa ndani ya blanketi la pinki, maana Amosi alikatazwa kulifanya vinginevyo.

Alikatazwa siku ile ile, pale pale bwawani, wakati boti imeshapandishwa kwenye trela. Nomsa, aliyekuja kuwachukua kwa gari, alikuwa anapiga honi. Mama Lerato alikwenda upande wa abiria, akashika mlango, kisha akarudi hadi alipokuwa Amosi, haraka haraka, kama mtu aliyesahau mkoba.

"Kaka," alisema, "lile panga langu bovu uliliuza?"

"Hapana, dada. Lipo."

Alitazama garini alikokaa mumewe, akamtazama tena Amosi, akateremsha sauti.

"Usimpe mtu," alisema. "Niwekee."