Namba Moja, Mikono Minne

Marcella Nyambeki ni jirani yangu kwenye nyumba za wafanyakazi, na sijawahi kumsikia akisema anaumwa. Husema amechoka. Sasa huku nani hajachoka? Tunapanda mlima na umande, tunashuka na kikapu mgongoni, na ukilalamika utaulizwa kama ulidhani majani chai yanajichuma.

Namba yake ya kazi ni moja, lakini wanaoifanyia kazi ni wawili. Wiki hii anachuma yeye, wiki ijayo anachuma mdogo wake Edinah, aliyetoka Kisii baada ya kufiwa na mume. Kitambaa kichwani, aproni ya plastiki hadi miguuni, nani atawatofautisha? Msimamizi anajua, nadhani, ila kikapu kikijaa hana neno. Sisi majirani tumenyamaza, maana namba ikienda, nyumba inaenda nayo, na watoto wao watano, Omosa wa Marcella akiwa mkubwa wao, watakosa pa kulala.

Kisha zahanati ya shamba ikatuletea mikanda ya mkononi. Inasoma moyo na usingizi, inapeleka habari kwenye kompyuta, na huko unatengenezewa pacha, yaani mfano wa mwili wako. Daktari akitaka kukupa dawa, anaijaribu kwanza kwa huyo pacha. Tulicheka sana. Marcella na Edinah wakawa wanapokezana mkanda kila Jumapili, pamoja na aproni na kikapu. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona ni kitu cha kazi, na cha kazi huenda na namba.

Miezi mitatu baadaye Ephantus, daktari wa zahanati, akampigia simu Marcella aje. Ilikuwa wiki ya Edinah, na mkanda ulikuwa shambani. Marcella akaenda hivyo hivyo, mkono wa sweta ameuvuta hadi vidoleni.

"Mama Omosa, hii pacha yako inanisumbua," Ephantus alisema, akimgeuzia kompyuta. "Wiki moja moyo iko sawa kabisa. Wiki ingine inaruka-ruka, hata ukiwa umelala. Nimejaribu dawa, na pacha imevumilia. Nataka uanze leo."

"Hiyo mbaya ni wiki gani, daktari?"

Akamsomea tarehe. Marcella aliniambia alizihesabu kwa vidole akiomba ziwe za Edinah, na aibu ya ombi hilo inamuuma mpaka leo. Zilikuwa zake. Zote.

"Na kama moyo ingekuwa hiyo mbaya tu, kila wiki?"

Ephantus akabonyeza, akangoja, akakunja uso. "Hapo hii dawa ingeweza kuisimamisha. Ningekutuma hospitali kubwa Kericho, leo leo. Kwani mbona unauliza?"

Mimi ningenyamaza, nasema ukweli. Ningechukua dawa, niitupe chooni, na Jumatatu nirudi kuchuma. Ndivyo tunavyoishi hapa, na inanichosha hata kuisema. Marcella naye aliwaza hivyo hivyo. Akawaza watoto, akamwaza Edinah huko mlimani na kikapu. Lakini moyo ule mbaya ulikuwa wake, akabaki kwenye kiti.

Akapandisha mkono wa sweta, akaweka mkono mezani, hauna mkanda.

"Daktari," akasema, "hizo wiki nzuri sio zangu."